Ngoma Moja kwa Mafuriko na kwa Askari

Kwa Jumbe wetu Mwinyimvua, mwenye kijiji cha bondeni, chini ya Mtunda.

Salamu nyingi zikufikie, na baada ya salamu nakuarifu kuwa sisi hatujambo, ila masika yametukalia shingoni na vita navyo havijaondoka vilimani. Mimi ni Mwanahawa binti Mtoro, mke wa Sadallah, mama yake Siti. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani tu, tena niliolewa kabla ya kuhitimu, kwa hiyo herufi zikipinda usinicheke. Mtoto yuko mapajani, anavuta kalamu.

Nakuandikia kwa adabu, baba, kukuomba uwavunje walinzi wa kijiji wote. Tangu waanze kutulinda hatujaona salama.

Kwanza, habari ya kujitolea. Barazani ulisema wanatakiwa vijana wa kujitolea, watuangalizie hatari. Kisha ukamnyooshea mume wangu bakora, ukasema, "Sadallah amejitolea." Sadallah alikuwa anapiga chafya. Mama mkwe wangu, bibi Mwamini, akasema, "Mwanangu ana moyo huyo, hata mdomo hajafungua!" Watu wakacheka, naye akaona haya kukataa. Wenziwe nao walijitolea vivyo hivyo, mmoja hata hakuwapo, alikuwa mtoni.

Pili, dungu langu. Umelichukua kwa kuwa miguu yake ni mirefu kupita yote. Sawa. Lakini dungu lile tulilijenga shambani tuwinge ndege, na maji yakipanda tupande na sisi. Sasa wamekaa humo walinzi, wanaangalia mbali. Kweli wanaangalia mbali, maana ndege wanaokula mpunga wangu chini ya pua zao hawawaoni. Nilipopiga kelele, Abdalah mkuu wao akanijibu toka juu, "Shemeji, sisi hatukuwekwa kwa ajili ya ndege!" Nikamwambia, haya, njaa ikija mtaipigia ngoma.

Tatu, ngoma yenyewe. Ulitufundisha vizuri: maji yakija tupande madunguni, askari wa Wadachi wakija tushuke, tukalale kifudifudi kwenye matete. Ngoma ni mbili, kila hatari na yake. Lakini ya pili iliazimwa arusini Kiongoroni, na arusi ile mpaka leo haijaisha. Imebaki moja, na Abdalah anajua mdundo mmoja tu, nao ni wa kucheza. Siku kiboko alipotoa kichwa mtoni Abdalah akapiga. Nusu ya kijiji ikapanda, nusu ikalala matopeni, na jirani yangu Johari akatoka na leso mpya anauliza bibi arusi yuko wapi. Walio juu wakawaita walio chini wajinga, walio chini wakawaambia walio juu, "Kaeni hapo hapo, askari wawaone vizuri!" Kiboko alitutazama, akazama zake.

Nne, dawa, na hapa ndipo moyo unaniuma. Akida umemwambia walinzi ni wa mafuriko. Mganga aliyeshuka toka vilimani umemwambia ni wa vita. Mto haujaambiwa kitu. Mganga akawanyunyizia ile dawa ya maji, kwamba risasi ikimpata mtu itageuka maji. Mimi sibishani na waganga. Ila sisi wa bondeni tunakufa kwa maji, baba. Risasi zote za Mdachi zikigeuka maji juu ya shamba lililokwisha kujaa, yatakwenda wapi? Mwombe atutengenezee dawa ya kugeuza maji kuwa kitu kingine, hata unga.

Tena dawa ina mwiko: mlinzi asimguse mke wala asibebe mtoto, ikaharibika. Siti ameanza kusimama dede. Baba yake amekuja mpaka kwenye ua, ameinama nyuma ya mgomba, anampigia makofi bila sauti. Mtoto akamwona, akalia kama aliyeona mgeni.

Na nasikia maji yakipungua, wenye dawa watapelekwa vilimani. Jumbe, waliokwenda mwanzo walirudi kwa njia ya Bungu, na waliorudi ni wachache. Mmoja nilimpa uji mimi. Nguo yake ilikuwa imelowa, lakini si maji.

Kwa hiyo naomba: walinzi warudi kwao, dungu lirudi kwangu, Sadallah arudi kwa mwanawe. Na kama kijiji hakiwezi kukaa bila mlinzi, mweke Siti. Ana vilio viwili, cha njaa na cha kulowa, na nyumba nzima tunavijua. Hajapata kukosea.

Wasalimie bibi Mwanamkuu na wake wenzake, na wote wa uani. Wasalimie na wa Kiongoroni, uwaulize ngoma. Wasalaam, ni mimi mwanao katika kijiji, Mwanahawa.

Nyongeza: Nilikuwa nakunja barua, ngoma ikalia. Nikasema, kiboko huyo, nikaendelea kukunja. Kutazama, maji yako mlangoni. Sadallah akaja na mtumbwi, akamnyakua Siti akamkumbatia, mimi akanivuta kwa mkono. Sasa tuko wote juu ya dungu, na Johari na leso yake. Kijiji chote kimepanda, hakuna aliyekwenda kwenye matete, maana mara hii Abdalah alipiga huku akipiga na kelele za "Maji! Maji!" Basi walinzi usiwavunje, baba, na jina langu liongeze. Mimi nimejitolea kwa mdomo wangu.

Abdalah anasema dawa ya Sadallah imekwisha kuharibika, vilimani hafai tena. Nimesikitika sana. Na kwa kuwa mikono yangu imechoka, nimempakatisha kila mlinzi Siti kwa zamu. Wa mwisho ni Abdalah, naye mtoto amemlalia kifuani, hathubutu kujitikisa.