Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mdomo wa Asali alikuwa amejikalia mapokezi akitafuta wa kumtapeli, aliposikia mabosi wakigombana nyuma ya mlango. Miezi minane sasa kamati yao inachagua mwongozo wa kuendesha huduma za kompyuta. Mkurugenzi anautaka ule mnene, naibu wake anautaka ule wenye michoro, na wote wawili, Mungu awape afya, hawajasoma hata mmoja. Mdomo wa Asali akajiona amefika nyumbani.

Akabisha hodi, akawapa pole, akawaeleza kwamba miongozo yote hiyo miwili imepitwa na wakati. Upo mpya, na wakubwa wenzao wanautumia kimyakimya. Kusikia "wenzao", mate yakawadondoka. Wakamwahidi hundi nono akiuleta kesho.

Tatizo dogo tu: mwongozo wenyewe haukuwepo. Akashuka chini kwa Dada Fundi, anayepokea simu za kila kompyuta iliyogoma, peke yake, mwaka wa tatu bila likizo. Kila ugonjwa na dawa yake ameuandika kwenye daftari. Mdomo wa Asali akamsifia mwandiko, akaliomba alitazame kidogo.

Dada Fundi akamwangalia juu hadi chini. "Subiri kaka yangu, nimalizie ukurasa mmoja."

Akaandika taratibu, akampa. Jamaa akalipeleka likachapwa, nakala ikavishwa jalada gumu lenye herufi za dhahabu, daftari akalirudisha kwa mwenyewe. Hakulisoma. Tapeli anayejiheshimu hasomi bidhaa yake.

Kesho yake kamati ikaupitisha kwa makofi, dakika kumi tu. Naibu aliupima kwa mkono akaridhika. Mdomo wa Asali alishanyoosha kiganja, Dada Fundi aliyeitwa kupewa maagizo akaomba ukurasa wa arobaini na moja usomwe.

Mkurugenzi akasoma kwa sauti ya mimbarini: "Aliyeleta mabadiliko ndiye atakayepokea simu, hadi ipite miezi mitatu bila lalamiko. Ndipo alipwe."

"Huo ndio uongozi!" akasema naibu.

Mdomo wa Asali akapiga hesabu haraka. Akiukana ukurasa, ameukana mwongozo mzima. Na kitambulisho chake kilikuwa kwa mlinzi getini, ambaye mkurugenzi alikuwa anampigia muda huohuo kumwambia huyu bwana sasa ni wetu, asitoke kabla ya saa kumi na moja.

Chini, simu tatu zilikuwa zinalia. Dada Fundi alikuwa ameshavaa viatu vya safari, begi begani, daftari kwapani.

"Dada yangu, nakuomba," jamaa akanong'ona, "niachie basi hilo daftari."

"La nini? Si unao wenye dhahabu?" Akamvutia kiti. "Safari hii usome."