Kidonge cha Madam Kikiisha

Jumapili, 5 Machi 2017
Nimegundua! Madam Huda humeza kidonge chake cha kukusanya mawazo saa moja asubuhi, na ikifika alasiri kimeisha nguvu. Asubuhi ni jenerali: anajua hadi idadi ya vijiko. Jioni anatafuta miwani aliyoivaa. Basi, binti yangu Terry analipiwa mahari Aprili, na mama mtu niko Jeddah nikipiga pasi! Lazima nipate ruhusa. Nitaomba jioni. Yassir dereva anasema niombe asubuhi, kwa heshima, kama alivyoomba yeye akapewa. Wanaume!

Jumatatu, 6 Machi
Nimeomba saa kumi na moja. Makabati manne wazi, maziwa yanafurika jikoni. Madam akasema yalla, nenda, hata miezi miwili! Nimempigia Terry anishonee kitenge.

Jumanne, 7 Machi
Madam hakumbuki. Mafi, hakuna kitu! Yassir amecheka hadi akashika ukuta. Sawa. Nitataka sahihi.

Jumatano, 8 Machi
Jioni nikapeleka karatasi na kalamu. Madam akanivuta hadi kwenye friji, kwenye bango la Kiarabu ambalo nimelipangusa vumbi miaka miwili nikidhani ni dua. Akanisomea: Huda, baada ya alasiri usikubali, usikatae, usinunue. Aliliandika mwenyewe. Akasema zamani saa hiyo ilikuwa ikimliza bafuni, akijiona mjinga. Sasa ameizoea: funguo kikapuni, kengele kwenye simu, mambo makubwa hadi kesho. Mwanamke anajua saa yake ya kuteleza na ameiwekea mlinzi! Mimi huteleza kutwa na sina hata mlinzi wa nusu saa.

Alhamisi, 9 Machi
Saa mbili asubuhi. Nimesimama wima, nikaomba. Madam akasema halas, yameisha, wiki tatu, na tiketi juu yake. Kumbe Yassir alishamwambia habari za mahari tangu mwezi uliopita. Madam alikuwa anasubiri niseme mwenyewe! Nimelia juu ya shati nililokuwa nikipiga pasi. Mungu ambariki mama huyu. Yassir pia, kidogo.

Ila wiki tatu ni chache. Nimelitazama tena lile bango. Linasema baada ya alasiri. Halisemi lolote kuhusu saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajameza.

Kesho naamka mapema.