Gurudumu la Tano Lina Uzito wa Bure

Jumatatu, 3 Machi

Zamu yangu imeanza. Mama amejaza tangi pomoni, akanikabidhi funguo mbele ya Bibi ili shahidi awepo. Sharti ni lile lile alilopewa Kaka wiki jana: Mama afike hospitali kazini, Bibi afike kliniki, sokoni kuendwe, na Jumapili jioni mshale wa mafuta usomwe. Atakayetumia kidogo zaidi, gari ni lake. Mama amechoka kuamua ugomvi wa watu wazima.

Kaka aliuacha mshale chini kidogo ya nusu. Analitaka gari libebe spika zake za kukodisha harusini. Mimi Jumatatu ijayo naanza kazi kwenye maabara ya maji, nje kabisa ya mji, ambako basi la alfajiri halifiki. Mkuu wa maabara amekwisha kuonya kwamba anayechelewa siku ya kwanza asijisumbue kuja siku ya pili.

Nimemuuliza Kaka siri yake. Eti kukanyaga mafuta taratibu, kusafisha kichujio cha hewa, kupima upepo wa matairi. Basi! Nimesoma fizikia miaka yote ile, nije kushindana na mtu anayefuata kijitabu cha gari?

Jumanne, 4 Machi

Adui ni uzito. Nimetoa jeki, gurudumu la akiba, mazulia, mwavuli wa Mama. Kiti cha nyuma kilinigomea, nikakishinda. Sasa kiko sebuleni. Bibi amekikalia, anakisifu kuliko makochi.

Kaka ameliona gurudumu chini ya ngazi, akauliza pancha ikitokea itakuwaje. Nikamweleza kwa utulivu hesabu ya uwezekano. Akasema uwezekano haujawahi kuziba tundu.

Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi

Tairi gumu halisuguani sana na barabara. Hili halina ubishi. Nimemwagiza fundi ajaze upepo kupita kiasi kilichoandikwa mlangoni. Ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimejibu mara mbili.

Gari limekuwa jepesi ajabu. Tatizo, linaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kwenye tuta la kwanza chai ya Mama ilitoka kwenye chupa ikaingia kwenye sare yake nyeupe. Nimemwambia ni gharama ya maendeleo. Hakucheka. Wauguzi hawana ucheshi asubuhi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kliniki. Safari mbili ni ubadhirifu, kwa hiyo nimewabeba Mama na Bibi pamoja. Bibi mbele, kwa heshima ya umri. Mama nyuma, sakafuni, kwa kuwa kiti kiko sebuleni. Ameniomba nimshushe kona ya mbali, wenzake wasimwone akitambaa kutoka.

Madirisha nilifunga yote, maana upepo ukiingia hulivuta gari nyuma. Kiyoyozi sikuwasha, maana nacho kinakunywa. Bibi alifika ameloa chapa. Daktari alimpima presha, akashtuka, akampima tena. Bibi akamwambia asihangaike, hiyo presha ni ya mjukuu wake.

Mshale umeshuka kidogo tu. Usingizi hauji kwa furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Ugunduzi! Mteremko wa hospitali ni mrefu. Kwa nini injini ifanye kazi wakati dunia yenyewe inatuvuta bure? Leo tukirudi nikazima.

Ukimya mtamu. Kisha usukani ukawa mzito, na breki ikawa kama kukanyaga jiwe. Tulisimamishwa na rundo la mchanga la jirani anayejenga. Mchanga laini, namshukuru. Misumari iliyokuwa ndani yake simshukuru.

Mama alishukia humo humo mchangani. Akajipangusa mchanga, akaniambia polepole: "Mwanangu, watu wa namna hii mimi huwapokea kila siku. Sitaki kupokewa."

Amechoka tu. Zamu zake ni ndefu.

Jumamosi, 8 Machi

Pancha. Nikitoka sokoni, jua la utosi, nyanya zikiiva mara ya pili. Msumari wa jirani ulikuwa umengoja usiku kucha. Jeki iko nyumbani, gurudumu liko chini ya ngazi.

Nilimpigia Kaka. Alikuja na pikapu ya rafiki yake, spika nyuma, gurudumu na jeki juu ya spika. Alilifunga bila kunisimanga hata kidogo, jambo lililoniumiza zaidi. Ndipo wazo likanijia. Si naye anarudi nyumbani? Nikamwomba afunge kamba anivute.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafunga kamba.

Nimefika nyumbani bila gari kunywa hata tone. Kwa nini wahandisi hawajaliona hili?

Jumapili, 9 Machi

Mshale umesomwa. Uko juu ya nusu. Nimemshinda Kaka! Niliruka peke yangu, wengine wamekaa.

Mama akauliza pikapu ilikunywa kiasi gani kunivuta. Nikasema hiyo si sehemu ya jaribio. Bibi, kutoka kwenye kiti cha nyuma, akasema ujanja mwingi mbele kiza.

Mama akampa Kaka funguo. "Hili gari nataka lirudi na watu wake," akasema, "wakiwa wamekaa vitini." Sharti ni moja: kila alfajiri Kaka anipeleke maabara kabla ya spika zake. Kaka akakubali, akasema dada yake hawezi kukosa kazi yeye akiwepo. Huruma ya mshindi, haivumiliki.

Nimeshinda kwa sayansi, nimeshindwa kwa siasa.

Jumatatu, 10 Machi

Bado giza. Kaka anaoga, anaimba. Kiti cha nyuma amekirudisha jana, pancha ameiziba, gurudumu la akiba amelirudisha mahali pake, matairi ameyapunguza upepo, kila kitu kama kijitabu kinavyotaka. Maskini. Hajui petroli inayopotea.

Sina kinyongo, ni kaka yangu. Nimeshuka kimyakimya nikamsaidia. Gurudumu la akiba na jeki viko tena chini ya ngazi, na juu yake nimetandika zulia.

Barabara ya maabara ni ndefu na haina nyumba. Tutafika tukiwa wepesi kabisa.

Anapiga honi. Naenda.