Matundu Thelathini na Sita ya Ña Blásida

Jumatatu, 6 Januari

Sikukuu ya Wafalme Watatu. Watoto wote wa mtaa wamepata zawadi. Mimi nimepata msasa mpya, ule laini. Baba alinikabidhi kwa sura ya ukarimu mkubwa.

Lakini habari ya leo si hiyo. Ña Blásida, yule mama mpiga kinubi, ameturudishia shingo ya kinubi chake. Aliiweka juu ya meza ya karakana taratibu, kama mtu anayelaza mgonjwa, akasema vigingi vya nyuzi vimeinama kila kimoja na upande wake, kama wanaume wanaotoka harusini. Hakupandisha sauti. Heri angepandisha! Atapiga kwenye mkesha wa Mtakatifu Blas, tarehe mbili Februari. Anataka shingo mpya yenye matundu thelathini na sita ya vigingi, yaliyosimama wima. La sivyo atakwenda kwa yule fundi mwingine wa hapahapa Luque.

Baba akatazama mikono yake. Miaka ishirini anatoboa kwa drili ya kushika mkononi. Sasa mikono inatetemeka. Sisi sote tunajua na hakuna anayesema.

Wakati wa chakula akatangaza, muhogo mdomoni: kabla ya Jumamosi tutanunua drili ya mezani. Mimi na binamu yangu Derlis tuitafute. Atakayeleta iliyo bora ndiye atakayetoboa shingo ya Ña Blásida. Mwingine atapiga msasa.

Nina miaka kumi na sita. Mitatu kati ya hiyo nimepiga msasa. Vidole vyangu havina alama tena. Ningeweza kuwa mwizi mzuri.

Derlis anasoma shule ya ufundi. Hubandika penseli sikioni hata kanisani.

Lazima nimshinde. Tatizo ni kwamba kushinda kunataka kusema mbele za watu. Shuleni nimefunzwa Kihispania na Kiguaraní, na ninanyamaza vizuri katika lugha zote mbili.

Jumanne, 7 Januari

Nimeipata! Iko dirishani katika duka la vifaa karibu na stendi. Rangi ya chungwa. Ina kidirisha kinachoonyesha tarakimu za mwendo. Na ina taa nyekundu inayochora msalaba juu ya mbao, hapohapo biti, ile ncha ya kutobolea, itakaposhuka. Msalaba! Mashine inayosali kabla ya kutoboa. Na ni nyepesi, ningeibeba kwapani. Nilisimama nje ya kioo saa nzima. Muuzaji alitoka kuniuliza nataka nini. Nikakimbia.

Derlis naye amepata yake: dubwana la chuma uani kwa Don Cantalicio, fundi majeneza, anayestaafu na kuhamia kwa bintiye mjini Encarnación. Rangi imekwisha. Haina kidirisha, haina taa. Mwendo unabadilishwa kwa kuhamisha mkanda kwa mkono kutoka puli moja hadi nyingine. Nusu ya marehemu wa Luque wamepitia chini ya biti yake.

Nilimwambia Derlis (yeye peke yake ndiye ninayeweza kuzungumza naye, kwa sababu simheshimu) kwamba yangu ni nyepesi. Akacheka mpaka penseli ikamdondoka.

"Nyepesi! We Nimia, shingo ya kinubi ni nzito, tena imepinda. Ukiilaza juu ya hicho kimeza cha bati, mashine nzima itacheza polka."

Akaongeza kwamba alichomeka msumari ulionyooka kwenye taya za drili ya Don Cantalicio, akaizungusha, na ncha haikuyumba hata unywele. Nani aliyemuuliza habari za misumari?

Mpango: barua isiyo na jina. Kwa Baba. Kwa Kihispania cha hali ya juu.

Jumatano, 8 Januari

Barua iliandikwa vizuri mno. Ilisema: "Mheshimiwa Fundi, mimi kama mteja mwenye uzoefu wa miaka mingi, ninathubutu kukushauri kuhusu maajabu ya nuru nyekundu." Nikaisukuma chini ya mlango alfajiri.

Baba aliiokota. Akatafuta miwani yake. Hakuiona. Akaniita niisome kwa sauti.

Mbele ya wote! Mama, Derlis, na Bibi aliyekuwa anamenya muhogo. Nilisoma huku masikio yanawaka. Mtu gani amewahi kutetemeka akisoma maneno yake mwenyewe? Nilipomaliza, Bibi akasema Kihispania hicho kimempita juu ya kichwa, nimtafsirie. Kwa Kiguaraní cha nyumbani kwetu hakuna namna ya kujikweza. Kurasa mbili zikawa sentensi moja: kuna mtu anasema mashine ile ina taa.

"Hata jokofu lina taa," Bibi akasema, akaendelea kumenya.

Derlis akachukua bahasha, akaigongagonga juu ya kiganja. Unga wa msasa ukamwagika. Akauliza kwa upole kama mteja huyo mwenye uzoefu anaishi mbali.

Nililala siesta nzima, ule usingizi wa mchana, nikiwa nimefunika uso kwa mto. Nyuzi joto arobaini.

Mpango mpya: kama siwezi kuisifu yangu, nitaiua yake. Kesho naenda kwa Don Cantalicio kutafuta kasoro.

Alhamisi, 9 Januari

Nifanye nini na maisha yangu!

Nilifika saa tisa mchana. Don Cantalicio alikuwa uani anakunywa tereré, chai yetu baridi ya majani, peke yake, dumu la maji ya barafu miguuni. Akafurahi mno. Akaniambia ketisha mifupa, binti. Akaijaza pembe ya kunywea, akanipa. Nikanywa. Nikamrudishia.

Sasa, kila mtu anajua. Ukirudisha pembe bila neno, unajaziwa tena. Ukitaka kuacha, unasema asante. Neno moja tu! Mtoto wa miaka miwili analisema. Mimi lilikataa kutoka. Akajaza. Nikanywa. Nikarudisha. Akajaza.

Drili ilikuwa nyuma yake, nyeusi, imetulia. Nilikuwa nimeandaa maswali makali matano. Sikuuliza hata moja. Niliikodolea macho tu.

Kufikia pembe ya nne Don Cantalicio akaanza kuhangaika. Akasema anaelewa, bei naona kubwa. Basi atatia na jiliwa ya kubania mbao. Nikanywa. Pembe ya sita, akatia sanduku la biti, zote kali. Nikanywa, nikamtazama. Akasema mama yake mzazi alikuwa na jicho kama langu na hakuna muuza kuku aliyemweza. Pembe ya nane, mkanda wa akiba. Pembe ya kumi, akapunguza nusu ya bei, akajifuta jasho.

"Inatosha, binti! Nimefanya biashara na wafiwa miaka arobaini, na hakuna aliyenikaba hivi!"

Akanyoosha mkono. Kibofu changu kilikuwa kinapasuka, na kati yangu na choo alisimama yeye. Nikaushika ule mkono, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa njia fupi.

Nadhani nimenunua drili ya Derlis.

Ijumaa, 10 Januari

Don Cantalicio alikuja mwenyewe asubuhi kumwona Baba. Akavua kofia. Akamwambia binti yake huyu ni mwamba, amekaa kikao kizima bila kutamka neno, na bei imeshuka yenyewe kama papai bivu.

Baba alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo. Akasema basi, mambo yamekwisha: Nimia atatoboa.

Derlis akaruka. Alisema mashine ni yake, yeye ndiye aliyeiona, yeye ndiye aliyeipima kwa msumari! Baba akajibu kwamba Derlis ameleta habari za mashine, lakini Nimia ameleta mashine, jiliwa, biti na mkanda, kwa nusu bei.

"Sema basi!" Derlis akanigeukia. "Sema ulikwenda kule kufanya nini, bubu wangu!"

Ningesema ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Mama akaingilia, akamwambia Derlis amwache mtoto, ana haya. Nikainamisha kichwa kwa haya. Ilinipendeza.

Kwa hiyo nimeshinda. Kwa mashine isiyo na taa, lakini nimeshinda.

Isiyo na taa.

Jumamosi, 11 Januari

Drili imefika kwa mkokoteni, wanaume wanne, matusi ya lugha mbili. Imefungwa kwenye meza kwa boliti. Haitikisiki. Derlis, mnyonge, amehamishia mkanda kwenye puli ya mwendo wa polepole, maana mbao ngumu huungua ikitobolewa kwa kasi. Sikumwomba. Baba amepima shingo mpya na kutia alama thelathini na sita za penseli. Akasema nitaanza baada ya siesta.

Siesta! Wote wamelala. Nikaenda kwenye kibanda cha mtaani nikanunua ile kalamu ya taa nyekundu wanayochezea paka. Nikaibandika pembeni ya drili kwa tepu. Nikailenga: taa hapa, biti hapahapa. Kamili! Ilipendeza kuliko ile ya dirishani.

Saa kumi wakakusanyika. Baba akauliza hiyo ni nini. Nikasema, kwa sauti, mbele za watu: "Ni nuru." Neno langu la kwanza la hadharani mwaka huu, ukiacha ile barua. Nikapanga alama chini ya taa, nikashusha mpini. Tundu la kwanza, safi! La pili. La tano. Sikutazama kitu kingine ila taa. Kwenye la kumi Derlis akaanza kusema, binamu, mbona... Nikamwinulia kiganja, kama wafanyavyo mabingwa.

Joto lilikuwa lilelile arobaini. Tepu ililegea kidogokidogo. Taa ikateleza kando ya biti, nami nikaifuata.

Baba akapuliza unga wa mbao. Matundu thelathini na sita, yote wima kama askari. Lakini msururu wenyewe ulikuwa unaziacha alama na kuteremka, taratibu, mpaka la mwisho likatokea nusu nje ya mbao.

Derlis hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 12 Januari

Kulikuwa na kipande kingine cha mbao, cha mwisho. Derlis ametoboa leo mapema kabla ya misa, taya zimekaza, penseli sikioni. Ña Blásida akapita akitoka kanisani, akapitisha kidole juu ya matundu, moja hadi thelathini na sita, kama anapiga. Akasema atakuja kuichukua shingo mwisho wa mwezi. Baba akaficha mikono mfukoni, akatabasamu. Ña Blásida hataenda kwa fundi mwingine.

Mimi nimepiga msasa shingo hiyohiyo tangu saa nne.

Jioni Baba akaja kukaa kando yangu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, mwanangu, alama za penseli zilikuwa wazi na macho unayo mawili. Kwa nini hukuifuata penseli?

Nimelifikiria sana swali hilo. Nimefikiria kwa uaminifu, kwa lugha zote mbili, na kosa langu sasa naliona wazi kabisa.

Tepu. Ningetumia gundi.