Nyota Moja Niliyopewa na Baba Mkwe

Kibanda cha Ufundi wa Simu,
Mkabala na duka la vitambaa.
Alhamisi, baada ya chai ya saa nne.

Kwa Mzee Mwalimu (mstaafu),
Baba Mkwe Mtarajiwa,
Nyumba ya geti la kijani.

Shikamoo Mzee wangu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NYOTA MOJA NILIYOPEWA MTANDAONI, NA OMBI LA KUPIMWA UPYA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, Mama hajambo, na intaneti ya hapo nyumbani inashika walau sebuleni. Mimi afya ninayo, ila raha sina. Wazee wangu walikuwa waje kwako Jumamosi iliyopita kuzungumza posa. Baba mdogo alishapiga pasi koti, shangazi alishafanya mazoezi ya kunyamaza. Siku mbili kabla, yaani Alhamisi, ukatuma neno kwamba wasije kwanza. Wasubiri nini, hukusema, na simu yako tangu hapo haipatikani. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi, kifaa ambacho mwaka juzi nilikipa nyota moja na nusu kwa sababu hakina mwanga wake chenyewe.

Kabla sijaanza kulalama, nikumbushe mimi ni nani. Ni fundi simu kwa mikono na mshauri wa teknolojia kwa roho. Nina ukurasa wangu mtandaoni, Fundi Anasema, ambako natoa maoni juu ya kila kifaa kipya kinachopita mezani kwangu, na vingine ambavyo nimeviona kwenye picha tu lakini nimevielewa. Wafuasi wangu ni mia mbili na sita, akiwemo mama yangu mzazi, ambaye hujibu kila kitu kwa kuweka picha ya ua. Nyota ninazotoa zinajulikana kwa ukali. Nyota tano nimeziweka kwa ajili ya kifaa ambacho bado hakijabuniwa. Saa yangu ya mkononi inayohesabu hatua niliipa mbili, maana ilinihesabia hatua mia nne siku niliyokaa kutwa nzima nasugua vioo vya simu. Simu yangu mwenyewe, ninayolala nayo, ina mbili na nusu. Naomba uyaweke hayo akilini unaposoma.

Sasa malalamiko.

1. Jumapili ile nilipokuja kujitambulisha, nilikuletea simu mpya. Sikuitupa mezani nikaondoka kama wafanyavyo wengine. Nilikukuzia maandishi, nikakuwekea picha ya Mama kwenye kioo, nikakufundisha kutuma ujumbe, kisha nikakuonyesha ukurasa wangu na zile nyota, ambazo wateja nao hunipa mimi. Nilikueleza kwa lugha nyepesi: kila nyota ina nambari yake, moja hadi tano, wewe chagua nambari anayostahili mtu. Ukatikisa kichwa, ukasema hiyo kazi unaijua. Nikafurahi, nikajua nimepata mkwe wa kisasa.

Jioni hiyohiyo, sijafika hata kwangu, simu ikalia. Nyota moja, na chini yake maneno yako: “Nimempa anachostahili. Nimefikiri sana kabla ya kuandika. Mwalimu.”

Mzee! Nilikaa kwenye ukingo wa barabara, saa ikanipongeza kwa kupumzika. Wastani wangu, niliouchunga miaka mitatu kama yai, uliporomoka siku moja. Asubuhi yake mama wa duka la vitambaa akavuka barabara kuniuliza nimemfanya nini yule mzee wa watu. Nikamhesabia yote niliyofanya. Nilikunywa chai vikombe viwili tu, kiatu nilivua mlangoni, na runinga yako niliisifia ingawa inachukua muda wa kuchemsha yai kabla haijatoa picha.

2. Pamoja na machungu hayo, sikulipiza kisasi, na hapa ndipo ninapotaka unitazame kama mwanangu atakavyonitazama siku moja. Jumatatu nilikaa nikaandika maoni ya haki kuhusu nyumba yako. Niliandika kwamba kochi la sebuleni halina mpinzani. Niliandika kwamba kengele ya mlango inaimba wimbo mzima, kwa hiyo mgeni anafunguliwa mlango akiwa amekwisha kuujua. Niliandika kwamba ruta ya intaneti mmeificha kabatini nyuma ya masufuria, na ndiyo maana mnapata mtandao mkisimama karibu na jiko. Nikagusia zile karatasi ulizobandika ukutani, orodha za madarasa uliyofundisha, na ule wino mwekundu uliozungushia jina la juu kwenye kila moja. Nikashauri kwa heshima zihamishiwe kwenye kishikwambi, maana karatasi inakula ukuta.

Kwa jumla nikatoa nyota tatu. Tatu, Mzee! Mimi! Nyumba yako imeipita simu yangu kwa nusu nyota. Kuna kampuni zingefanya sherehe. Wewe ukanuna.

3. Hapa nakiri kuna sehemu yangu, japo kosa kubwa ni la wenye ramani ya mtandaoni. Nyumba haipati nyota mpaka iwe kwenye ramani, na haiingii kwenye ramani mpaka uchague ni mahali pa aina gani. Nilisoma orodha yao yote. Wana saluni, wana karakana, wana mahali pa kuoshea mbwa. Ukweni hakuna. Watu wana akili za kupiga picha dunia nzima kutoka juu, wakasahau ukweni! Nikachagua mgahawa, kwa kuwa nilikula hapo na ukweli ni ukweli.

Jumanne mchana wakaja wapima ardhi wawili na vyuma vyao, wakaketi kibarazani, wakaulizia orodha ya vyakula. Mama, kwa ule moyo wake, akaona watu wana njaa, akawapakulia. Wakala, wakaosha mikono, wakatoa nyota tano. Kesho yake akaja mwalimu wa udereva na wanafunzi wake watatu, wakiwa wamepotea, wakala nao, nyota tano kila mmoja. Kwa hiyo ndani ya siku mbili nimeifanya nyumba yako kuwa mgahawa unaosifiwa kuliko wote katika mtaa huo, na Mama bado anakataa kupokea chochote. Sijasikia hata asante.

4. Badala ya asante, Jumatano nikapata ujumbe wa kwanza kabisa uliowahi kuandika kwa simu hiyo: “Hao wawili ni akina nani?”

Nikajua unawaulizia wapima ardhi. Nikajibu papo hapo, kwa adabu zote, kwamba ni watu wa heshima, kwamba nimefurahi sana kuwapata, kwamba wao ndio wametangulia tu na wengine wako njiani, na kwamba kwa kasi hii mpaka mwisho wa mwezi watafika ishirini. Nikaweka na picha ya ua, kama mama yangu.

Ukazima simu. Kesho yake ndipo likaja lile neno la kuwazuia wazee wangu. Nimelisoma jibu langu mara hamsini nikitafuta tusi, silioni. Kama hukutaka wageni ishirini, ungesema, ningebadilisha pale kwenye ramani nikaandika karakana.

5. Nimekata rufaa. Niliwaandikia wenye huduma ya nyota, huko makao yao makuu. Nikajibiwa na mashine ndani ya sekunde tatu: pole kwa usumbufu, je, ungependa kumripoti baba mkwe wako kama taka? Mzee, naapa nilibonyeza hapana. Kidole kilisita kidogo, siwezi kukuficha, lakini nilibonyeza hapana. Ile mashine kwa upande wa kasi naipa nne. Kwa upande wa utu naipa sifuri.

6. Kwa kuwa rufaa imegonga mwamba, naomba nipimwe upya na wewe mwenyewe, kwa utaratibu ufuatao ambao ndio unaotumika kwa vifaa vyote vya maana. Nitakaa kwako kwa majaribio ya siku thelathini. Utanichunguza asubuhi, mchana na wakati wa kuosha vyombo. Natoa dhamana ya miaka sitini, ikihusisha kukoroma, kusahau siku za kuzaliwa, na uchakavu wa kawaida wa kiwiliwili. Kasoro zozote zitakazoonekana nitazisasisha bila kumsumbua mtumiaji. Kurudishwa kiwandani haiwezekani: nimemuuliza mama yangu, amesema hapokei bidhaa iliyokwisha kutumika.

Mzee, niache utani kidogo. Binti yako aliingia kibandani kwangu akiwa na sare ya uuguzi na simu iliyozama kwenye ndoo ya kupigia deki wodini. Wateja wote huanza kwa kuuliza kama namba zao zimepona. Yeye alinitazama akaniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo nimekuwa naharibu kazi za watu. Mara moja nilimfungia mteja kioo cha simu nje ndani, nikamrudishia huku namsifia rangi yake. Nilijaribu kumwandikia binti yako maoni kwenye ukurasa wangu, nikafungua, nikaweka jina, nikafika kwenye nyota, nikaufunga. Kipimo sikukiona. Nampenda, na wazee wangu wasipokuja kwako nitakuwa fundi mwenye vifaa vyote duniani asiye na wa kumwonyesha. Hiyo ndiyo shida yangu, mengine yote hapo juu ni kelele.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba: uifute ile nyota moja, au uniongezee ziwe mbili, nitashukuru, au, ikishindikana yote, unieleze kwa maandishi ni wapi nilipokosea, maana hata mwanafunzi wa mwisho darasani huandikiwa sababu kwenye daftari lake.

Nisalimie sana Mama na umwambie wapima ardhi wanamuulizia. Nisalimie shangazi wa hapo kwako, yule anayesikiliza mahubiri kwa visikizio huku anayarudia kwa sauti. Wasalimie majirani wanaotumia intaneti yako, najua wanaitumia, niliwaona kwenye orodha. Iguse kengele kwa niaba yangu, ila mara moja tu.

Ni mimi, ninayesubiri kupimwa,

Fundi Chaji
(nyota nne na nukta tisa kabla ya Jumapili ile)

Tanbihi:

Mzee, tafadhali usianze kukasirika, soma na hapa.

Binti yako amepita sasa hivi, muda wake wa chakula cha mchana, ili aichukue barua hii akuletee. Akasema lazima aisome kwanza. Alianza kuisoma amesimama, akamaliza amekaa chini, machozi yanamtoka kwa kicheko, mama wa duka la vitambaa akavuka barabara tena kuuliza kuna nini. Alipopata pumzi akaniambia kwamba wiki nzima unazunguka nyumbani ukiuliza ni akina nani waliotutangulia, na hakuna aliyekuelewa. Kisha akasema, “Baba amesahihisha madaftari miaka thelathini na minne. Kwake moja ni wa kwanza.”

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nikazikumbuka zile karatasi za ukutani na ule wino mwekundu.

Kumbe Jumapili ile, kabla sijafika hata kwangu, ulikuwa umeshaniweka wa kwanza, na ukaandika kwamba nastahili. Nami kesho yake nikaiweka nyumba yako ya tatu, mbele ya watu mia mbili na sita. Wapima ardhi wakala chakula cha Mama, wakaosha mikono, wakamweka wa tano. Ukauliza kiungwana kabisa ni wakwe gani wawili walionipendeza kuliko ninyi, nikakujibu kwamba ni watu wa heshima, nimefurahi kuwapata, na wengine wako njiani mpaka watimie ishirini. Na ua juu.

Mzee, hakuna wakwe wengine. Hajawahi kuwepo wa kwanza wala wa pili. Wazee wangu wanajua geti moja tu, la kijani. Malalamiko namba moja hadi sita nayafuta yote, na ile nyota usiiguse, naomba ibaki hapo hapo ilipo mpaka nife.

Nilitaka kuichana barua hii niandike nyingine fupi ya kuomba radhi. Binti yako akaiweka mfukoni mwa sare yake. “Usiichane,” akasema. “Aisome yote, halafu ndipo awaite wazee wako.”

Basi nimefanya lile lililo ndani ya uwezo wangu. Hivi sasa, yeye akishuhudia, nimefungua ukurasa nikazifuta zile tatu, na nyumba yako nimeipa nyota moja. Wafuasi wameshaanza kuniandikia kuuliza hiyo nyumba ina ubaya gani. Wote nimewajibu sawasawa: nimeipa inachostahili, na nimefikiri sana kabla ya kuandika.