Nyumba Kuukuu Niliyoiita Mpya

Jumatatu, 6 Mei

Binti yangu anauza nyumba! Nyumba nzima, yenye veranda, vyumba vinne na geti lake! Haya, shajara, hujambo. Nisamehe, furaha imetangulia salamu.

Ni nyumba ya zamani, ina miaka sitini na kitu, mtaa wa watu wenye miti na mbwa waliooga. Binti aliichukua ikiwa gofu, akaikarabati mwaka mzima kwa mikono yake. Fundi ni yeye mwenyewe. Kitindamimba wangu! Mimi niliishia darasa la saba, lakini tazama nilichozaa.

Tatizo moja. Yote aliyonayo kayaweka humo. Asipopata mnunuzi mwezi huu, itabidi arudi kuajiriwa na Bwana Vipimo, bosi wake wa zamani, aliyemwambia siku anaacha kazi kwamba atarudi analia. Nimeapa harudi. Nimejiteua msaidizi wake. Hajaniomba. Kwani mama huombwa?

Jumanne, 7 Mei

Mkutano wa chama cha akina mama. Mke wa Bwana Vipimo alikuwepo, na kidomo chake kile. Akaniuliza mbele ya watu wote, eti ni kweli yule mtoto kapoteza mwaka mzima akisugua takataka za mababu? Eti sakafu ileile, madirisha yaleyale ya chuma, milango ileile? Wenzake wakacheka. Nikasema kila kitu mle ni kipya. Kipya kabisa! Bado kinanukia duka!

Nimerudi nyumbani nachemka. Halafu nikawaza: kwani kwa nini hakubadilisha? Sakafu yenyewe ni terazo, ile ya vijiwe vya rangirangi vilivyoshikamana kwenye saruji. Ndiyo niliyokuwa napiga deki shuleni kila nilipochelewa. Nani atanunua adhabu?

Jumatano, 8 Mei

Kazi! Binti kashinda kwa mwanasheria akishughulikia hati. Ufunguo ninao mimi. Nimetandika kapeti la plastiki kuanzia sebuleni hadi jikoni, lenye picha ya marumaru. Linang'aa kushinda marumaru yenyewe. Ukuta wa matofali ya matundu nimeuziba kwa pazia. Madirisha ya chuma nimeyabandika karatasi nyeupe ya kunata. Ukisimama mbali utaapa ni aluminiamu. Kiuno kimekufa. Lakini jamani, imependeza!

Alhamisi, 9 Mei

Dalali kaleta mnunuzi. Daktari wa meno, mama wa makamo, mpole, anachungulia bawaba za milango kama anakagua magego. Dalali hakuwahi kufungua mdomo. Niliongea mimi. Sakafu mpya, madirisha mapya, hata kuta hazijatimiza mwaka! Akauliza, taratibu, kama kuna chochote cha zamani kilichobaki. Nikamwapia: hata msumari!

Akashukuru. Akasema miaka miwili anatafuta nyumba ya enzi zile, kama aliyokulia, maana ile yao ilibomolewa. Akaandika jina na namba yake ya simu kwenye daftari la wageni kwa adabu tu, akaenda zake.

Dalali akakaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Akasema, Mama, mbona tangazo limeandikwa nyumba ya zamani? Kweli limeandikwa. Sikulisoma. Niliangalia picha.

Jioni binti kaja. Kainua pembe ya kapeti, kaishusha. Hakupiga kelele, heri angepiga. Alisema miezi saba alipiga magoti akiing'arisha sakafu ile kwa jiwe, pembe kwa pembe, na hakudhani mtu wa kuionea haya atakuwa mimi. Halafu akasema labda ampigie tu Bwana Vipimo.

Ijumaa, 10 Mei

Kumwomba radhi yule daktari? Mimi? Nina akili kuliko hivyo.

Asubuhi nimebandua kila kitu. Kisha nikampigia Daktari wa Meno huku nimebana pua, nikajitambulisha kuwa dalali mwingine. Nikamwambia ninayo nyumba kuukuu mno, haina kipya hata kimoja. Nikamwelekeza kwa barabara ya nyuma.

Saa kumi kafika. Nimevaa miwani myeusi na kilemba cha dada yangu. Akatazama geti. Akanitazama mimi. Akauliza kama si mimi wa jana. Nikasema yule ni pacha wangu.

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ule wa matundu. Akageuka. Akaupapasa.

Basi miwani nikavua, nikasema kweli yote: nilimdanganya, maneno ya watu yalinichoma, binti yangu hana kosa. Yeye kavua viatu. Kaingia peku, katembea polepole sakafu nzima, akisema ubaridi ni uleule wa kwao. Akauliza nani kaifanya kazi hii.

Ah! Hapo sasa! Niliongea kwa saa mbili nzima. Nilimwonyesha dirisha lililokwanguliwa tabaka tisa za rangi. Bawaba zilizolowekwa kwenye mafuta ya taa wiki nzima. Kona ya jikoni iliyokuwa imechimbika, binti akazunguka mji akitafuta vijiwe vya rangi ileile, na leo hutajua kiraka kiko wapi. Sikuongeza chumvi. Kidogo tu.

Binti nilipompigia alikuja mbio, vumbi mpaka kwenye kope. Daktari alimpa mkono kwa mikono yote miwili.

Jumatatu, 13 Mei

Kasaini! Mbele ya mwanasheria, mbele yangu! Nimeshusha pumzi mpaka kifungo cha gauni kimeruka. Bwana Vipimo atafute mwingine! Binti kanikumbatia, kasema yamekwisha, ila tafadhali, Mama, nyumba zangu usizisemee uongo tena. Nimeahidi. Nimelia. Leo nitalala kama kichanga.

Alhamisi, 16 Mei

Binti keshapata nyumba ya pili ya kukarabati! Ina miaka kumi na miwili tu, maskini, bado changa. Lakini sasa najua wanunuzi wanapenda nini.

Leo kwenye chama nimetangaza kwamba ina miaka mia mbili. Karibu mia tatu. Kwamba malkia mmoja aliwahi kuuguzwa mafua humo, chumba cha mwisho kushoto. Mke wa Bwana Vipimo mdomo wazi! Sasa wote wanataka kuiona. Dalali naye nimemwita, Daktari wa Meno nimempigia mwenyewe, safari hii bila kubana pua.

Binti sijamwambia, ana kazi nyingi. Nimewaambia waje wote Jumapili, saa nane mchana.