Taa ya Utelezi kwenye Harusi ya Waridi

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mtaa wa Narung'ombe umekuwa mto. Nimepeleka majora ya vitenge Gerezani na kurudi, pikapu haina neno. Ila kwenye dashibodi imewaka taa ya njano: kigari kidogo, na nyuma yake mistari miwili iliyopinda kama minyoo. Imewaka na haizimi. Nimeipiga kofi. Haizimi.

Habari kubwa ni nyingine. Kamati ya harusi ya Waridi inatafuta pikapu ya matarumbeta, harusi ni Jumamosi ijayo. Pikapu hiyo ndiyo inayoongoza msafara. Wapigaji wanakaa nyuma, bibi harusi anafuata, mji mzima unatazama. Mwenyekiti wa kamati ni Bi Chiku, shangazi yake Waridi, mwenye duka la vitenge. Bi Chiku huyo ndiye mama yake Sitara. Na posa yangu kwa Sitara iko kwake tangu kabla ya Ramadhani, haijajibiwa ndiyo wala hapana. Nikiongoza msafara ule, kanzu nyeupe, mikono imetulia kwenye usukani, atajibu nini tena?

Mudi naye anaitaka kazi hiyo. Ana pikapu kama yangu, rangi ileile, na meno mazuri. Simpendi.

Jumapili, 12 Aprili

Nimekwenda Gerezani kwa Hashimu, fundi umeme wa magari. Katoka chini ya gari la mtu, kaitazama dashibodi yangu, kasema hiyo ni taa ya utelezi. Eti magari haya yana kitu cha kuyashika yanapotaka kuserereka, chenyewe kinabana gurudumu moja moja. Taa ikibaki inawaka, maana yake kitu hicho kimelala. Kachungulia chini: waya wa gurudumu la nyuma umekatika. Niache gari asubuhi, nichukue mchana.

Nusu siku! Nusu siku Mudi yuko dukani kwa Bi Chiku anaonyesha meno. Nimemwambia Hashimu nitarudi.

Njiani nimenunua tepu nyeusi. Nimekata kipande kidogo, nikabandika juu ya taa. Gari limepona.

Jumatatu, 13 Aprili

Pikapu yangu ilizibwa na lori la vitunguu, Mudi akanipa lifti hadi Buguruni. Nimesema simpendi, lakini mvua ilikuwa inanyesha.

Tulipofika kwenye matope, gari likateleza kidogo, na kwenye dashibodi yake nikaiona. Kigari kilekile, minyoo ileile! Ikapepesa, ikapepesa, gari likanyooka, taa ikazima. Mudi wala hakugeuka, alikuwa anasimulia habari za mpira. Nilifurahi hadi nikamshukuru kwa lifti mara mbili.

Kesho nitamwambia Bi Chiku. Si kwa ubaya. Ni kwa usalama wa wapigaji.

Jumanne, 14 Aprili

Nimemkuta Bi Chiku anapima kitambaa. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamweleza kwa huzuni kwamba gari la Mudi ni gonjwa, nimeona taa kwa macho yangu.

Nilisahau jambo moja. Bi Chiku anaendesha pikapu yake mwenyewe tangu mimi niko madrasa. Kaniuliza taa ilikuwa inapepesa au imeganda. Nikasema inapepesa. Kasema basi gari liko kazini, limehisi utelezi na linajishika. Ikiwaka ikaganda, hapo ndipo gari limekata tamaa. Kisha kaniuliza yangu ikoje. Nikamjibu kwamba yangu haionekani kabisa, na huo ni ukweli mtupu.

Kasema nimefanya vizuri kulileta jambo hili. Pikapu ya matarumbeta huyumbishwa kushoto na kulia njia nzima kwa madoido, na nyuma wamekaa watu wenye familia zao. Kwa hiyo keshokutwa atakagua magari yote mawili yeye mwenyewe.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini hata kisimani kuna ngazi.

Jumatano, 15 Aprili

Tepu inaonekana. Mtu akiinama tu anaiona, na Bi Chiku ni mtu wa kuinama.

Nimekwenda Buguruni kwa jamaa mmoja anayefungua dashibodi chini ya mwavuli. Kaing'oa ile taa yenyewe, kanipa mkononi. Taa ndogo kama punje ya mtama. Kitu kidogo hivi ndicho kinachotaka kuniharibia ndoa! Nimekitia mfukoni. Sasa dashibodi ni safi, nyeusi, haina maneno.

Alhamisi, 16 Aprili

Ukaguzi umefanyika mbele ya duka. Ameanza na Mudi. Kafungua swichi bila kuwasha injini, taa zote zikawaka kama Kariakoo mkesha wa Idi. Kawasha injini, zikazima moja moja. Bi Chiku kasema vizuri.

Kaja kwangu. Kafungua swichi. Zikawaka zote, isipokuwa moja. Kafunga. Kafungua tena. Kafunga. Nilianza kutazama paa za maduka.

Sikujua kwamba kila taa ya onyo lazima iwake kwanza, ndipo izime. Hakuna aliyeniambia! Bi Chiku kasema hata mgonjwa akiitwa huitika, sasa hii yangu imekufa au imezikwa? Nikasema labda ni baridi ya mvua. Sitara alikuwa mlangoni kwa mama yake, akacheka. Ana kicheko kizuri. Ningependa kukisikia kwa sababu nyingine.

Matarumbeta kapewa Mudi. Mimi nimepewa masufuria ya pilau, kwa kuwa masufuria hayana mama wa kuyalilia. Na kesho nipeleke gari kwa Hashimu, kasema hivyo mbele ya watu.

Ijumaa, 17 Aprili

Nilikuwa naenda kwa Hashimu kabisa. Nimefika hadi kona. Halafu nikafikiri: gari la masufuria nalo liko kwenye msafara. Nani kasema masufuria hayapendezi?

Nimeshinda nikifunga riboni na maputo. Nimeosha gari, mvua ikalichafua, nimeliosha tena. Hashimu kapita kwa miguu, kaniuliza vipi ule waya. Nikamwambia Jumatatu. Kaangalia maputo, kaenda zake.

Jumamosi, 18 Aprili

Nilipokuwa napakia masufuria, Bi Chiku akafungua mlango, akakaa kiti cha mbele karibu yangu, na hotpoti ya biriani ya wakwe mapajani. Kasema anakuja kulinda chakula. Nikajua anayelindwa ni nani.

Tukatoka Gerezani kuelekea ukumbini, upande wa Posta. Manyunyu. Mbele huko Mudi anayumbisha, matarumbeta yanalia, watu wametoka madukani kushangilia. Mimi niko mwisho kabisa, nyuma yangu hakuna kitu. Niliendesha kwa adabu hadi Lumumba. Hapo Sitara akatoa kichwa kwenye dirisha la gari la mbele yangu, na simu mkononi, anatupiga video.

Mwanamume gani angevumilia? Nikayumbisha mara moja kushoto. Mara moja kulia. Mara ya tatu gari lilijiyumbisha lenyewe.

Tuligeuka polepole. Nilikuwa na muda wa kuona kila kitu: kinyozi, duka la simu, mama wa mihogo kashika kiuno. Kisha tukasimama, tunatazama Kariakoo tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Pilau ilibaki. Kachumbari yote ilikuwa barabarani.

Bi Chiku hakupiga kelele. Hotpoti ilikuwa palepale mapajani. Kaweka sawa ushungi wake, kasema, "Twaha, iko wapi ile taa?"

Nikaitoa mfukoni.

Kaitazama kwa muda mrefu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa gari likizunguka. Niliona Sitara anaondoka, anaolewa na mtu wa meno mazuri, na mimi ndiye ninayebeba masufuria. Kisha akanirudishia. Kasema leo ni harusi, hatatamka hapana siku ya harusi. Lakini siku atakayofungua swichi ya gari langu, taa hiyo ikawaka, kisha ikazima yenyewe, siku hiyo atajibu posa. Kwa sasa nigeuze gari, niende taratibu, ninyooke.

Nikanyooka. Ukumbini watu wamekula pilau kavu, wakawalaumu wapishi.

Jumapili, 19 Aprili

Sitara kanitumia ile video. Inaonekana maputo, halafu uso wangu, halafu maputo tena. Chini yake kaandika kwamba mama yake hajakasirika kama ninavyodhani, na kwamba yeye mwenyewe amechoka kungoja. Kamalizia: tafadhali nenda kwa Hashimu.

Nimeusoma ujumbe huo hadi chaji ikaisha. Nampenda sana Sitara. Kesho asubuhi na mapema nakwenda.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimekwenda kweli. Hashimu alikuwa ameshauweka waya mpya juu ya boneti, ananisubiri. Kasema mchana gari litakuwa tayari.

Nikamwonyesha ile taa yangu ndogo. Nikamweleza anachotaka Bi Chiku: iwake swichi ikifunguliwa, kisha izime. Basi, Bi Chiku hakutaja waya. Nikamwuliza kama anaweza kuiunga hiyo taa peke yake, iwake kidogo na kuzima, mambo ya gurudumu tuyaache.

Hashimu kafuta mikono muda mrefu. Kasema inawezekana, lakini hiyo ni kazi kubwa, itafika keshokutwa. Kutengeneza gari lenyewe ni mchana huu.

Nimemwambia sina haraka. Aanze na taa.